Namna ya Kubaini Vimeng'enya vya Usugu katika Bakteria wa Wagonjwa Waliolazwa, kwa Vifaa vya Maabara ya Mkoa

Chukulia kwamba umefungua inkubeta asubuhi na kukuta sahani ya Klebsiella pneumoniae iliyooteshwa kutoka kwenye kidonda cha mama aliyejifungua kwa upasuaji, na duara lisiloota bakteria linalozunguka diski ya seftriaksoni lina milimita 18. Ukiandika herufi R, yaani sugu, kwenye fomu ya majibu utakuwa umesema kweli, lakini hutakuwa umesema yote, kwa sababu milimita hizo 18 zinaweza kuletwa na vimeng'enya vya aina tatu tofauti, na kila aina inamwelekeza daktari kwenye dawa nyingine na inamtaka muuguzi achukue tahadhari nyingine wodini. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuzitenganisha aina hizo kwa agari ya Mueller-Hinton (chakula kigumu cha kuoteshea bakteria), diski za dawa, rula na vimelea vichache vya rejea (bakteria ambao majibu yao yanajulikana tangu mwanzo), yaani vitu ambavyo hospitali ya mkoa iliyoko Moshi au Arusha inaweza kuwa navyo bila kusubiri mashine ya kusoma vinasaba.

Ninaowaandikia ni wataalamu wa maabara wanaootesha mkojo, damu na usaha kila siku, na vijana waliotoka chuoni karibuni ambao wamefundishwa majina ya vimeng'enya hivi lakini hawajapata mtu wa kusimama nao mezani. Vipimo vyote nitakavyovitaja vinafuata viwango vya CLSI vya Marekani. Maabara inayofuata viwango vya EUCAST vya Ulaya iendelee navyo, ila isichanganye, maana hata nguvu za diski hazifanani: diski ya sefotaksimu ya CLSI ina maikrogramu 30 na ya EUCAST ina maikrogramu 5, na mtu anayesoma duara la diski ya maikrogramu 5 kwa jedwali la maikrogramu 30 atamtangaza kuwa sugu bakteria ambaye dawa inamuua.

Kimeng'enya chenyewe kinafanya nini

Penisilini, seftriaksoni, meropenemu na ndugu zao wote wanabeba pete ndogo ya atomi nne iitwayo pete ya beta-laktamu. Pete hiyo inafanana na kipande ambacho bakteria hutumia kuunganishia ukuta wake, na kwa kufanana huko huwanasa wajenzi wa ukuta wakashindwa kuendelea na kazi, ukuta ukadhoofika na bakteria akapasuka. Beta-laktamasi ni kimeng'enya kinachoikata pete hiyo kabla haijamfikia mjenzi. Edward Abraham na Ernst Chain walikieleza kimeng'enya cha namna hii mwaka 1940 huko Oxford, wakati penisilini ilikuwa bado haijaanza kutumiwa kwa wagonjwa wengi, jambo linaloonyesha kwamba bakteria hawakutusubiri sisi ndipo wajifunze kujikinga; tulichofanya sisi ni kuwachagua wale waliokwisha kujua.

Katika miaka ya 1960 kilipatikana Ugiriki kimeng'enya kilichopewa jina la TEM, ambacho kilivunja ampisilini. Watengenezaji wa dawa walileta sefalosporini za kizazi cha tatu, kama seftriaksoni, sefotaksimu na seftazidimu, ambazo TEM ya asili haikuziweza, lakini mwaka 1983 watafiti wa Ujerumani waliripoti bakteria waliokuwa wakizivunja hata hizo. Ndipo lilipopatikana kundi tunaloliita beta-laktamasi zenye wigo mpana, kwa kifupi ESBL. Baadaye kundi la CTX-M, lililoripotiwa Munich mwaka 1989 na ambalo asili yake ni bakteria wa mazingira wa jenasi Kluyvera, liliwapita wengine wote, na leo CTX-M-15 ndiyo inayopatikana mara nyingi duniani na imeshasomwa katika vimelea vya wagonjwa wa hapa Moshi.

Jina CTX-M limetokana na sefotaksimu, dawa ambayo kundi hili huivunja kwa nguvu zaidi. Baadhi ya wanakundi huigusa seftazidimu kidogo tu, na kwa sababu hiyo maabara inayotumia diski ya seftazidimu peke yake huwaacha wapite. Kinyume chake, baadhi ya vimeng'enya vya ukoo wa TEM na wa ndugu yake SHV huipenda seftazidimu kuliko sefotaksimu. Ndiyo maana tunaweka diski zote mbili, na ningeomba asiwepo mtu wa kuipunguza mojawapo kwa ajili ya kubana matumizi.

Kundi la pili ni AmpC, ambalo nalo huvunja sefalosporini za kizazi cha tatu lakini halizuiliwi na klavulanati, dawa inayofunga vimeng'enya, tofauti na ESBL. Kundi la tatu, ambalo ndilo la kutisha zaidi, ni karbapenemasi, zinazovunja hata meropenemu: KPC iliyogunduliwa Marekani katika kimelea cha mwaka 1996, OXA-48 iliyotoka Uturuki mwaka 2001, na NDM iliyopatikana mwaka 2008 kwa mgonjwa wa Uswidi aliyekuwa amelazwa India. NDM inahitaji madini ya zinki ili ifanye kazi, na hitaji hilo litatusaidia kuitambua.

Vinasaba vya ESBL, na vingi vya karbapenemasi, husafiri juu ya plasmidi, vipande vya vinasaba ambavyo bakteria mmoja humpa mwenzake hata kama si wa jamii moja. Plasmidi hiyo mara nyingi hubeba pia usugu wa jentamaisini na wa kotrimoksazoli, na kwa hiyo usishangae fomu ya mgonjwa mmoja ikijaa herufi R kutoka juu hadi chini. Si lazima iwe umekosea kupima, ingawa ni lazima uhakikishe kwamba hujakosea.

Sampuli na kimelea

Hapa nitapita haraka. Sampuli ichukuliwe kabla ya dozi ya kwanza ya antibiotiki kila inapowezekana, mkojo ufike maabara ndani ya saa 2 au uwekwe kwenye jokofu, na fomu iandikwe tarehe ya kulazwa, kwa kuwa maambukizi yanayojitokeza baada ya saa 48 tangu mgonjwa alazwe kwa kawaida huhesabiwa kuwa ameyapata hospitalini. Fomu nyingi zinazonifikia hazina tarehe hiyo. Ipigie simu wodi uiulize, kwa maana bila tarehe hiyo hutaweza baadaye kujua kama kimelea kinaenea kitanda kwa kitanda.

Kimelea kitambuliwe jina kwanza. Kipimo cha kuthibitisha ESBL nitakachokieleza kinawahusu Escherichia coli, Klebsiella pneumoniae, Klebsiella oxytoca na Proteus mirabilis. Ukikifanya kwa Enterobacter, ambaye ana AmpC yake ya kuzaliwa nayo, majibu yatakupotosha. Tumia makoloni yaliyolala usiku mmoja kwenye sahani safi yenye kimelea kimoja tu. Sahani iliyochanganyika itatoa jibu ambalo si la kimelea chochote kati ya vile vilivyomo.

Agari, tope na dakika kumi na tano

Sehemu hii ndiyo ninayoitilia mkazo kuliko zote, kwa sababu makosa mengi niliyoyaona katika kutafuta vimeng'enya yalitokea kabla diski haijagusa agari.

Agari ya Mueller-Hinton imiminwe hadi kina cha milimita 4, ambacho kwa sahani ya kipenyo cha milimita 90 ni takribani mililita 25, na uasidi wake uwe kati ya pH 7.2 na 7.4 baada ya kupoa. Agari nyembamba huiruhusu dawa isambae mbali na kukuza duara, na bakteria sugu huonekana kana kwamba dawa inamweza. Agari nene hufanya kinyume. Mezani pawe sawasawa wakati wa kumimina, na njia rahisi ya kuhakikisha ni pimamaji ya fundi ujenzi.

Kwa walioko Arusha kuna jambo la ziada ambalo vitabu vilivyoandikwa kwa ajili ya miji ya pwani havilitaji. Mji huo uko takribani mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi, na maji huchemka karibu nyuzi 95. Autoklevu inayosomwa kwa shinikizo peke yake, kwa zile paundi 15 kwa inchi ya mraba tulizofundishwa, haitafika nyuzi 121 ikiwa mahali pa juu namna hiyo. Itahitaji takribani paundi 17. Moshi, ulio chini zaidi, una tofauti ndogo lakini nayo ipo. Kwa hiyo soma halijoto, usisome shinikizo tu, na weka utepe wa kuhakiki utakaso katika kila mzunguko ukijua kwamba utepe huo huonyesha tu kwamba joto limepita, na kwamba uthibitisho wa kweli ni vichupa vya mbegu za bakteria vinavyopimwa kwa vipindi.

Baada ya agari huja tope la bakteria, ambalo linapaswa kulingana na kiwango cha 0.5 cha McFarland, yaani kati ya bakteria milioni 100 na milioni 200 hivi kwa mililita moja. Kama hakuna kiwango cha kununua, kinatengenezwa kwa kuchanganya mililita 0.5 ya kloridi ya bariamu yenye nguvu ya asilimia 1.175 na mililita 99.5 za asidi ya salfuriki ya asilimia 1, kikafungwa kwenye vichupa vya ukubwa uleule unaotumia kwa tope na kuwekwa gizani. Kitikise kila unapokitumia, kwa kuwa unga wake mweupe hutuama. Linganisha vichupa viwili mbele ya kadi nyeupe yenye mistari myeusi, penye mwanga wa kutosha, na usikubali kukadiria kwa mazoea hata ukiwa na miaka 20 ya kazi. Tope zito huyafanya maduara yawe madogo na E. coli wa kawaida akaonekana sugu. Tope jepesi huwaficha wenye vimeng'enya, na hili la pili ndilo lenye hatari kubwa kwa mgonjwa.

Tope likishakuwa tayari, saa inaanza kuhesabu. Ndani ya dakika 15 uwe umelipaka kwenye agari kwa pamba safi uliyoikamua kwenye ukingo wa kichupa, ukipaka uso wote mara tatu huku ukigeuza sahani nyuzi 60 kila mara, na kumalizia kwa kuzungusha pembeni. Ndani ya dakika 15 nyingine diski ziwe zimewekwa, na ndani ya dakika 15 nyingine sahani ziwe ndani ya inkubeta ya nyuzi 35. Anayepaka sahani 20 kwanza ndipo aanze kuweka diski atakuwa ameshachelewa kwa zile za mwanzo. Panga kazi kwa mafungu ya sahani 5 au 6.

Diski za akiba zikae kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri, na za matumizi ya wiki zikae kwenye jokofu ndani ya chombo chenye dawa ya kunyonya unyevu. Kichupa kikitoka kwenye baridi kisifunguliwe mpaka kifikie joto la chumba, jambo linalochukua hadi saa moja, kwa maana hewa yenye unyevu ikigusa diski baridi hugeuka maji na maji huiharibu dawa. Diski ikishagusa agari usiisogeze, hata kama umeiweka pabaya, kwa sababu dawa huanza kusambaa papo hapo. Sahani ya milimita 90 ibebe diski zisizozidi 5, na vituo vya diski viachane milimita 24 au zaidi, isipokuwa pale ambapo tunazisogeza kwa makusudi.

Uchunguzi wa awali

Katika sahani ya kawaida ya kupima dawa, hakikisha zimo diski za sefotaksimu, seftazidimu na seftriaksoni, kila moja ya maikrogramu 30. Baada ya saa 16 hadi 18, pima maduara kwa nyuma ya sahani, ukiishika juu ya kitu cheusi kisichoakisi mwanga. Kimelea kinashukiwa kuwa na ESBL endapo duara lolote kati ya haya litakuwa dogo: sefotaksimu milimita 27 au chini, seftriaksoni 25 au chini, seftazidimu 22 au chini. Kwa Proteus mirabilis tumia sefotaksimu na seftazidimu pekee kati ya hizo tatu.

Wengi huuliza kwa nini mpaka wa seftriaksoni uwe 25 wakati jedwali la tiba linasema kwamba milimita 23 na kuendelea ni S, yaani dawa inamuua bakteria. Sababu ni kwamba mipaka hii miwili ina kazi mbili. Ule wa tiba unakisia kama dawa itamponya mgonjwa, na huu wa awali ni wavu wenye matundu madogo unaokusudiwa kumnasa kila anayeweza kuwa na kimeng'enya, hata kama atakuja kuachiliwa baadaye. Kwa hiyo kimelea chenye milimita 24 kinaweza kuandikwa S kwenye fomu na wakati huohuo kikapelekwa kwenye uthibitisho.

Uthibitisho wa ESBL

Kipimo cha diski pacha ndicho ninachokipendekeza kama diski zake zinapatikana. Paka sahani mpya kama ilivyoelezwa, kisha weka diski nne: seftazidimu peke yake, seftazidimu yenye klavulanati ya maikrogramu 10, sefotaksimu peke yake, na sefotaksimu yenye klavulanati ya kiasi hichohicho. Klavulanati hukifunga kimeng'enya cha ESBL, na dawa iliyokuwa ikivunjwa hupata tena nguvu ya kuua. Kesho yake toa hesabu: duara la pacha likizidi duara la dawa tupu kwa milimita 5 au zaidi, katika jozi yoyote kati ya hizo mbili, ESBL imethibitika. Kwa mfano, sefotaksimu ikiwa na milimita 10 na pacha wake 24, tofauti ni 14, na hapo hakuna shaka. Seftazidimu ya kimelea hichohicho inaweza kuonyesha 17 na 23, tofauti ya 6, nayo inaafiki.

Diski hizo zisipopatikana, tumia njia iliyobuniwa Ufaransa miaka ya 1980, ambayo inahitaji diski ya kawaida ya amoksilini-klavulanati. Iweke katikati ya sahani, kisha izungushie sefotaksimu, seftazidimu na sefepimu kwa umbali wa milimita 20 kutoka kituo hadi kituo. Mwenye ESBL ataonyesha duara la sefalosporini lililovutwa kuelekea katikati, likipoteza uduara wake na kuwa na umbo la kibuyu ambacho shingo yake inaelekea kwenye klavulanati. Shingo hiyo ndiyo jibu, hata ikiwa nyembamba. Ukishuku na usiione, rudia kwa kubadili umbali: wenye kimeng'enya kikali huhitaji diski ziwe karibu zaidi, na wenye kimeng'enya dhaifu, ambao maduara yao ni makubwa, huhitaji ziwe mbali kidogo, kama milimita 30. Njia hii inategemea jicho, na kwa hiyo nashauri sahani isomwe na watu wawili, kila mmoja akiandika alichokiona kabla hajamsikia mwenzake.

Ikitokea kimelea ni sugu kwa sefotaksimu na seftazidimu lakini klavulanati haibadilishi kitu, tazama diski ya sefoksitini. Duara lake likiwa dogo sana na la sefepimu likabaki kubwa, AmpC ndiyo inayoshukiwa. Vyote viwili vinaweza kuishi ndani ya bakteria mmoja, na hapo AmpC huifunika ESBL. Sefepimu, ambayo AmpC haiivunji vizuri, ndiyo inayosaidia kuifichua, na ndiyo maana nimeiweka katika mpangilio wa kibuyu.

Pale meropenemu inapoanza kushindwa

Duara la meropenemu ya maikrogramu 10 likishuka hadi milimita 22 au chini, usisubiri. Kipimo kiitwacho mCIM hakihitaji kifaa kigeni. Tia kitanzi cha maikrolita 1 kilichojaa makoloni ndani ya mililita 2 za supu ya soya ya kuoteshea bakteria, tikisa, dumbukiza diski ya meropenemu, na acha kwenye nyuzi 35 kwa saa 4, ukiruhusu dakika 15 za kuzidi au kupungua. Katika saa hizo bakteria mwenye karbapenemasi ataila dawa iliyomo kwenye diski. Kisha itoe diski, ikamue kwenye ukingo wa kichupa, na iweke juu ya sahani uliyopaka E. coli ATCC 25922 (namba ya hifadhi ya vimelea ya Marekani), ambaye meropenemu humuua. Kesho yake, baada ya saa 18 hadi 24, duara la milimita 6 hadi 15, au la 16 hadi 18 lenye makoloni madogo ndani yake, lina maana kwamba dawa imeliwa na kimeng'enya kipo. Milimita 19 na zaidi lina maana kwamba dawa ilibaki nzima. Duara la 16 hadi 18 lisilo na makoloni, au la 19 na zaidi lenye makoloni madogo ndani yake, halitoi jibu la uhakika; rejea jedwali na urudie kipimo.

Ukitaka kujua kama ni kimeng'enya cha zinki kama NDM, andaa sambamba kichupa cha pili chenye maikrolita 20 za EDTA ya nguvu ya 0.5 M. EDTA huinyang'anya NDM zinki yake, na diski ya kichupa hicho itatoa duara lililozidi lile la kwanza kwa milimita 5 au zaidi. Kichupa hiki kisomwe tu iwapo cha kwanza kimeonyesha kimeng'enya. KPC na OXA-48 hazitumii zinki, hivyo hazitabadilika.

Vimelea vya rejea

Katika maabara moja niliyofanya kazi nikiwa bado mgeni kazini, tulipitisha wiki kadhaa bila kuthibitisha ESBL hata moja, na tukafurahi tukidhani kwamba wodi zimetulia. Umeme ulikuwa umekatika mara nyingi mwezi uliotangulia, friza ikayeyuka na kuganda tena, na klavulanati, ambayo ni dhaifu kwa joto na unyevu kuliko dawa inayoambatana nayo, ilikuwa imekufa ndani ya diski. Hatukuwa tumeweka kimelea cha rejea hata mara moja katika wiki hizo. Tulipokiweka nacho kikaonekana hakina ESBL, tukajua kwamba majibu yote tuliyotoa yalikuwa batili, na tulianza kuzipigia simu wodi ambazo baadhi ya wagonjwa wake walikuwa wameshaondoka. Sijaisahau siku ile, na naandika haya ili asiyepatwa nayo asipatwe.

Kwa ESBL weka Klebsiella pneumoniae ATCC 700603, ambaye seftazidimu yake inapaswa kuongezeka kwa milimita 5 au zaidi na sefotaksimu yake kwa milimita 3 au zaidi, pamoja na E. coli ATCC 25922 ambaye tofauti yake isizidi milimita 2. Kwa mCIM, Klebsiella ATCC BAA-1705 lazima aonyeshe kimeng'enya na BAA-1706 asionyeshe. Vya ESBL viwekwe kila wiki na vya mCIM kila siku kipimo kinapofanywa, na kila kichupa kipya cha diski kinapofunguliwa, na kila baada ya umeme kukatika kwa saa nyingi. Kipimajoto chenye kumbukumbu ya juu na ya chini ndani ya friza kina bei ndogo, nacho ndicho kitakachokuambia asubuhi yaliyotokea usiku.

Kutoa jibu

Jibu la ESBL lisisubiri fomu ipite kwa mhudumu. Piga simu kwa daktari wa zamu, taja namba ya mgonjwa, kimelea na kimeng'enya, kisha andika kwenye daftari jina la aliyepokea na saa. Kwa damu simu hii ni wajibu, na una hoja ya kumpa daktari anayetaka kuikwepa meropenemu kwa sababu ya bei yake: jaribio la kimataifa liitwalo MERINO, lililochapishwa mwaka 2018, liliwalinganisha wagonjwa wenye E. coli au Klebsiella sugu kwa seftriaksoni katika damu, na katika siku 30 walikufa asilimia 12.3 ya waliopewa piperasilini-tazobaktamu, dhidi ya asilimia 3.7 ya waliopewa meropenemu. Kwa upande mwingine, mwanamke mwenye maambukizi mepesi ya kibofu yaliyoletwa na E. coli mwenye ESBL anaweza kutibiwa kwa nitrofurantoini ya kumeza kama kimelea chake kinaisikia, na akaachiwa meropenemu mgonjwa mwingine anayeihitaji. Usiripoti nitrofurantoini kwa kimelea cha damu hata kama duara lake ni kubwa, kwa sababu haifikii kiwango cha kutibu nje ya njia ya mkojo.

Karbapenemasi ikithibitika, simu ziwe mbili: moja kwa daktari na nyingine kwa mratibu wa kuzuia maambukizi, ili mgonjwa atengwe kitanda, mikono ioshwe kabla na baada ya kumgusa, na vifaa vyake visihamishwe. Wodi ya watoto wachanga ipewe kipaumbele hata kwa ESBL ya kawaida, kwa kuwa Klebsiella anayeingia humo huhama kutoka kwa kichanga kimoja hadi kingine kwa mikono yetu. Wiki hiyohiyo tazama daftari: wagonjwa wawili au watatu wenye kimelea kimoja, wodi moja na maduara yanayokaribiana ni taarifa ya kupelekwa kwa mganga mfawidhi, hata kama huna uhakika kwamba ni kimelea kilekile.

Kila kimelea kilichothibitika kihifadhiwe katika supu yenye gliserini ya asilimia 20, kwenye friza ya nyuzi 70 chini ya sifuri kama ipo, kikiwa na namba ya maabara na tarehe badala ya jina la mgonjwa. Vile vyenye karbapenemasi viulizwe nafasi katika maabara ya rufaa. Hapa Moshi, Taasisi ya Utafiti wa Kitabibu Kilimanjaro, KCRI, ina uwezo wa kusoma vinasaba, na kimelea kisafirishwe kwenye kifungashio cha tabaka tatu pamoja na nakala ya maduara uliyoyapima. Sahani zilizobaki mezani zirudishwe kwenye autoklevu kwa nyuzi 121 zilizosomwa kwenye kipimajoto, kwa dakika 30 na zaidi, ndipo zitupwe.